Usiku wa kwanza nje ya bruda

Mwalimu alikuwa amechuchumaa kwenye kona ya banda, kanga imefungwa kiunoni, akiwatoa kuku wake wadogo mmoja mmoja. Kila aliyemtoa alimgeuza, akampapasa kifua, kisha akamlaza kwenye gunia pembeni. Nilisimama mlangoni, hata shikamoo ikanikwama. Ilikuwa asubuhi ya Julai kama mnavyoijua hapa Ngaramtoni, Arusha: ukungu umelala juu ya migomba, Meru haionekani, mikono inauma. Gunia lilikuwa linaelekea kujaa.

"Baridi, mwanangu," alisema bila kuinua kichwa. "Baridi imenimalizia kuku."

Waliokuwa juu ya rundo walikuwa hai. Walijikung'uta wakaenda moja kwa moja kwenye maji, utadhani hakuna kilichotokea. Waliokuwa chini walikuwa wamekufa, lakini miili yao ilikuwa bado na joto.

Joto lile ndilo lililonikaa kichwani wiki hadi wiki, mpaka nimeona niandike.

Hesabu zake zilikuwa sawa

Najua swali la kwanza mtakalouliza: walikuwa na umri gani? Wiki sita zilikuwa zimetimia. Kuroila wote, wale kuku chotara, wamenunuliwa wakiwa wa siku moja. Chanjo ya mdondo walipata, gumboro walipata. Nilimshika mmoja wa waliopona nikampeperusha manyoya kwa pumzi: mgongo umefunikwa, kifua kimefunikwa, yale malaika ya utotoni yamebaki shingoni tu. Kwa kipimo chochote tunachotumia huku, huyo ni kuku wa kutoka kwenye bruda, yaani mahali pa joto tunapolelea vifaranga, na kuhamia banda la kawaida.

Banda lilikuwa jipya. Ukuta wa mbao mpaka kiunoni, juu yake wavu, na upande unaopigwa na upepo wa Olmotonyi umezibwa kwa viroba. Maranda makavu, mazito. Hakuna tundu la kupitisha kicheche wala dalili ya siafu.

Na joto la bruda alikuwa amelishusha kama inavyotakiwa. Mwalimu alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na daftari lake la kuku limepigwa mistari kwa rula. Wiki ya kwanza nyuzi 33, kisha kupunguza kama nyuzi 3 kila wiki, mpaka wiki ya tano kipimajoto kikawa kinasoma 20 na kidogo. Nimeliona daftari hilo. Nimeona bruda za watu wengi Arusha hii zisizo na hata kipimajoto, na vifaranga wao wakatoka salama.

Basi kwa nini hawa?

Joto la maiti halisemi kitu

Nilivyoondoka pale nilikuwa na jibu tayari. Miili ina joto, basi si baridi iliyoua. Wamekosa hewa. Wamelaliana, waliokuwa chini wakabanwa. Manyoya ya migongo yao yalikuwa yamelowa, na huo ni mvuke wa pumzi za waliokuwa juu.

Kwamba walikosa hewa, hilo sina wasiwasi nalo mpaka leo. Lakini kukosa hewa ni mwisho wa habari. Kilichowapeleka kwenye kona moja, ilhali banda zima liko tupu, ni kitu kingine, na Mwalimu angeweza kuwa sahihi kabisa. Kuku akisikia baridi hujibana kwa mwenzake. Wakijibana wengi, wanapandana. Na yule aliyefia chini ya wenzake walio hai atabaki na joto hata kama usiku ulikuwa na jalidi. Joto lile nililolishika lilikuwa la wenzake.

Nikabaki sina kitu.

Mji wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na sisi wa juu ya barabara ya Namanga tumepanda zaidi. Usiku wa Julai mjini hushuka mpaka nyuzi 12 hivi, na huku kwetu ni chini ya hapo. Kutoka nyuzi 20 za bruda kuja kwenye baridi hiyo ni kushuka kwingi kwa usiku mmoja. Nilikuwa karibu kumrudia Mwalimu nimwambie, ulisema kweli.

Kilichonizuia ni sentensi moja aliyoisema siku nyingine kabisa, tukiwa tunaongelea mambo ya shule.

Saa moja ya jioni

Alisema: "Tena walipiga kelele jioni ile, ya mara moja, kubwa, halafu kimya. Nikasema haya, wamelala."

Nikamuuliza saa ngapi.

"Taarifa ya habari ilikuwa haijaanza. Kama saa moja."

Saa moja ya jioni, ndugu zangu. Baridi ya huku haiumi saa moja ya jioni. Ardhi bado haijapoa. Baridi inayoua ni ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri. Kama ni baridi iliyowakusanya, kelele ingekuwa usiku wa manane, na wangejikusanya polepole kadiri usiku unavyozidi kupoa. Hawa walikwenda konani kwa pamoja, kwa mshtuko, mara tu jua lilipozama.

Kwa hiyo nikauliza swali ambalo sikuwahi kulisikia likiulizwa kwenye mazungumzo ya kuku: bruda ilikuwa na taa usiku?

Ilikuwa nayo. Balbu iliwaka usiku na mchana, wiki zote sita, kwanza kwa ajili ya joto, baadaye kwa sababu Mwalimu aliona wanapenda kula usiku. Kwenye banda jipya hakuna waya wa umeme.

Vifaranga wale walikuwa hawajawahi kuona giza hata mara moja tangu watotolewe.

Chini ya bawa

Baada ya hapo nilianza kumwangalia kuku wa kienyeji wa nyumbani kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Ana vifaranga saba. Mchana wanazagaa naye juani, wakisikia baridi wanakimbilia chini yake, wanapata moto, wanatoka tena. Jioni, saa kumi na mbili hivi, jua likiwa bado halijazama, anaita kwa ile sauti yake ya chini, anajilegeza, anafungua mabawa. Wote wanaingia. Mkono ukiupitisha pale chini unakuta joto kali, maana mwili wa kuku una nyuzi 41, na unakuta giza totoro.

Kifaranga wa mama analijua giza tangu siku ya kwanza. Analijua kama mahali pa joto. Mwanga kwake ni wa kula na kukimbia, giza ni la kulala na kupata moto.

Bruda ya balbu inamfundisha kinyume chake. Palipo na mwanga ndipo penye joto. Akitaka kupata moto anausogelea mwanga, akishiba moto anasogea pembeni kwenye kivuli, na hivyo ndivyo sisi wenyewe tunavyomsoma: wakilundikana chini ya taa wana baridi, wakiikimbia wamezidiwa na joto. Kwa wiki sita mwanga na joto vimekuwa jambo moja kwake. Kisha jioni moja jua linazama katika mahali asipopajua, na kwa jinsi alivyolelewa, mwanga ukiondoka joto nalo limeondoka. Afanye nini? Anakimbilia kitu pekee chenye moto anachokijua, ambacho ni mwili wa mwenzake. Na mwenzake naye anakimbia.

Kumbukeni pia kwamba kuku haoni vizuri gizani. Jicho lake ni la mchana. Akishakuwa kwenye rundo, hana namna ya kuona kwamba mita moja nyuma yake kuna nafasi. Na huku kwetu karibu na Ikweta usiku ni wa saa kumi na mbili, mwaka mzima. Huo ni muda mrefu sana wa kukaa kwenye rundo.

Tunakaa na vipimajoto, tunabishana kuhusu nyuzi mbili juu au mbili chini. Kuhusu giza hatusemi neno.

Koko hana bruda

Nilikwenda kumwona koko (bibi) mmoja wa upande wa Sambasha ambaye hununua vifaranga wa siku moja kama sisi, ila hana taa. Anaye kuku anayeatamia. Usiku, kuku akiwa amelala kwenye kiota chake, koko anatoa mayai na kumwingizia vifaranga chini kimya kimya, dazeni au zaidi kidogo kulingana na ukubwa wa kuku. Kukikucha kuku anawakuta na kuwalea kama wake. Si kila kuku hukubali, na lazima awe ameshaatamia kwa muda, asiyeatamia atawadonoa.

Nilimuuliza kama huwa wanalaliana anapowatenga na mama yao.

Akanishangaa. "Mbona wanalala tu? Usiku si usiku?"

Sijui kama alinielewa nilichokuwa natafuta, lakini kwangu lilikuwa jibu. Wake wamekuwa wakilala usiku tangu siku ya kwanza. Siku mama anapowafukuza, wanabadilishiwa kitu kimoja tu: joto lake. Giza wameshalizoea.

Kuzima kabla ya kuhama

Hapa ndipo nilipofika, na nasema kwa uhakika wa mtu aliyeona akafikiri, si wa mtaalamu: taa izimwe vifaranga wakiwa bado ndani ya bruda, mahali wanapopajua, kabla ya siku ya kuhama haijafika. Siku za kwanza mwanga wa usiku unafaa, ili wajue chakula kiko wapi na maji yako wapi. Wakishajua, usiku urudi kuwa usiku.

Shida ni kwamba kwa wengi wetu ile balbu ndiyo joto lenyewe. Ukiizima wiki ya pili mwezi wa saba, utawaua kweli kwa baridi. Kwa hiyo joto litengwe na mwanga, na njia tunazo tangu zamani.

Ipo ya chungu au jiko la mkaa uliofunikwa majivu. Linatoa moto wa taratibu usiku kucha bila mwanga wa maana, na umeme ukikatika haliyumbi. Lakini hewa ya mkaa inaua kuku na inaua watu. Haina rangi wala harufu. Anayeweka jiko kwenye chumba cha vifaranga aache uwazi juu karibu na dari, na asilale humo yeye wala mtoto wake. Msijaribu pia kuifunika balbu kwa kitambaa au boksi ili kupunguza mwanga. Mabanda yanaungua hivyo, na maranda hushika moto haraka.

Ila njia iliyonivutia zaidi ni ya boksi la majani makavu. Boksi la mbao, pande zote na juu limejazwa nyasi kavu zilizoshikiliwa na wavu, katikati limeachwa pango, na mlango mdogo unaotokea kwenye uwanja wa chakula. Vifaranga wakishavuka siku za mwanzo zenye kuhitaji moto mkubwa, wanaingia humo wenyewe na kupashana joto kwa miili yao. Nyasi zinazuia joto lisitoroke. Watu hulisifia kwa kuokoa umeme. Mimi nalisifia kwa sababu ndani ni giza. Kifaranga anaingia gizani anapata joto, kama chini ya bawa. Pango lisiwe kubwa kupita idadi yao, na nyasi zibadilishwe zikilowa.

Mara ya kwanza ya kuzima, mtu akae pale pale asikilize. Kutakuwa na kelele. Kelele ya kuogopa ni kali, ya juu, inarudiwa haraka. Kelele ya kutulia ni ya chini, ina mtetemo kidogo. Wakikimbilia kona, washa, watawanye kwa mkono, subiri, zima tena. Hii ni kazi ya jioni, na inachosha. Lakini bruda ni ndogo, kona zake umezizungushia boksi gumu, na wewe upo. Kama ni lazima waogope, waogopee hapo.

Kuna na suala la gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Wakizoea kula usiku kwenye mwanga, jioni hawahimizani kula. Giza likiingia wanakuwa na njaa ya saa kumi na mbili mbele yao, na kifaranga mwenye njaa anapata baridi upesi. Wakizoea usiku, utawaona saa kumi na moja jioni wanarudi kwenye chakula kwa nguvu. Ukimshika mmoja akishalala, gole liwe limejaa, la duara, linasikika chini ya kidole.

Vichanja vya kulalia navyo viwekwe mapema, wiki ya tatu au ya nne, juu ya maranda kwa kimo cha shubiri. Mwanzoni watapanda kwa kucheza. Kuku aliyekaa kwenye kichanja hawezi kulaliwa na mtu.

Siku yenyewe

Wahame asubuhi. Nimeona watu wengi wanahamisha jioni kwa sababu kuku wanashikika kirahisi, na kwa kuku wakubwa hilo ni sawa. Hawa wadogo wanahitaji mchana mzima wa kuliona banda: ukuta uko wapi, maji yako wapi, kichanja kiko wapi. Waende wote kwa pamoja, na vyombo vyao vile vile vya chakula na maji, na ndoo ya maranda yao makavu imwagwe juu ya maranda mapya.

Kona zijazwe majani au zizibwe kwa ubao wa mshazari. Usiku wa mwanzo taa ndogo ya sola itundikwe mbali nao, hafifu, ya kuonyesha njia tu, kisha iondolewe wakishatulia. Wabaki wamefungiwa ndani kwa siku kadhaa kabla ya kufunguliwa uwanjani, ili wapajue kwao na wasije wakalala kwenye kahawa ambako nguchiro na paka pori wanawasubiri.

Na jambo jingine lisiongezwe siku hiyo. Wiki ya sita hadi ya nane ndiyo tunapoweka kila kitu: sindano ya ndui bawani, kubadili chakula cha vifaranga kuwa cha kukuzia, kutenganisha majogoo, kuhama. Kila moja linamsumbua kuku. Ndui inaweza kutangulia wiki moja, chakula kikafuata baadaye kwa kuchanganya kidogo kidogo.

Kuhusu ugonjwa wa kuhara damu nitasema kwa ufupi, maana mnaujua. Banda lililowahi kuwa na kuku wakubwa lina mbegu ya ugonjwa huo, na mbegu inaamka kwenye unyevu. Maranda yaliyolowa chini ya chombo cha maji yatolewe siku ile ile.

Kwa nini Julai

Mtu anaweza kusema, si wasubiri Septemba? Anayesema hivyo hauzi kuku Desemba. Kuroila anahitaji miezi mitano hivi kuwa kuku wa kuvutia mnunuzi, na wanunuzi wetu wakubwa wa mwaka ni wale wanaopanda kwenda Moshi, Rombo na Marangu kwa Krismasi. Hesabu inarudi nyuma yenyewe: vifaranga Juni, kutoka kwenye bruda mwishoni mwa Julai, katikati ya baridi. Mwalimu alikuwa amepanga kulipia ada ya mjukuu wake wa Januari kwa kuku wale. Ndiyo maana siwezi kukubali jibu la "baridi" likaishia hapo. Baridi haipo mikononi mwetu, na jibu hilo linamwacha mtu bila la kufanya isipokuwa kuongeza viroba.

Mwalimu hakubaliani nami

Nimemweleza yote haya. Alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi, mikono juu ya daftari, kisha akaniambia sababu zake. Kwanza, amefuga na balbu miaka mingi na hawakufa. Pili, mwaka huu Julai ilikuwa kali. Tatu, waliopona walilala giza lile lile.

La tatu linanisumbua. Jibu langu ni kwamba waliopona walikuwa juu ya rundo, nao walikuwa wamelaliana vile vile. La kwanza nilimuuliza: miaka hiyo banda lilikuwa na umeme? Akafikiri. Lilikuwa nao, kuku walikuwa wakihamia chumba cha nyuma ya nyumba, na taa ya uani iliingia dirishani usiku kucha. La pili sina cha kumjibu.

Tumekubaliana nusu. Anaagiza wengine Septemba, wachache zaidi. Taa itazimwa kuanzia wiki ya tatu, wakiwa ndani ya bruda, na jiko la mkaa litachukua nafasi yake huku dirisha la juu likiwa wazi. Viroba vya banda amevizungusha pande zote nne, na hapo tulibishana tena, kwa sababu banda lililozibwa hukusanya harufu kali ya kinyesi na kuku huanza kukoroma kifua. Nilimwomba aache uwazi wa kiganja chini ya bati kuzunguka banda zima. Amekubali upande mmoja, usiopigwa na upepo.

Siku wakihama nitakuwepo kuanzia jioni. Wakikimbilia kona tutawatawanya kwa mikono mpaka watulie. Nitaandika hapa kilichotokea, hata kama itaonekana Mwalimu alikuwa sahihi kuhusu baridi.